Je, Kutumia Dawa Kunapingana na Kumtegemea Mungu?

Wako watu wa namna mbili ambao huonekana kuwa mbalimbali sana, hali wamepotea katika njia moja. Wa kwanza akipatwa na saratani husema: Mungu ameniandikia, nitaomba dua tu wala sitakwenda hospitali. Wa pili huwauzia wagonjwa mizizi au unga wa uyoga na kuwaambia: Hiki ni kiumbe cha Mungu, hakina madhara, acheni dawa za daktari. Wote wawili hulitaja jina la Mwenyezi Mungu, na wote wawili wameiacha kanuni Yake.

Wa kwanza hujibiwa upesi. Mabedui walipomwuliza Mtume Mtukufu s.a.w. kama watumie dawa, aliwaamuru watumie, akawafahamisha kwamba Mungu hakuleta ugonjwa ila ameuletea dawa. Hadhrat Maulvi Nuruddin r.a., Khalifa wa kwanza wa Seyidna Ahmad a.s., alikuwa tabibu wa Maharaja wa Jammu na Kashmir. Aliwapa wagonjwa dawa na kuwaombea dua, wala hakuona ugomvi kati ya mambo hayo mawili.

Wa pili ahitaji maneno zaidi, kwani ameshika nusu ya kweli. Liko ua dogo la asili ya Madagaska ambalo watu wengi hulipanda uani kwa pambo tu. Huko Jamaika majani yake yalinywewa kama chai kwa ajili ya kisukari. Katika miaka ya 1950 wataalamu wawili wa Kanada, Robert Noble na Charles Beer, waliyachunguza. Panya waliponyweshwa maji ya majani hayo hawakupata nafuu yoyote ya sukari. Walipodungwa sindano, wakafa! Chembe nyeupe za damu yao zilikuwa zimepungua mno, hata hawakuweza kushindana na vijidudu. Basi ikafikiriwa kwamba kitu kipunguzacho chembe hizo chaweza kuizuia saratani ya damu, ambamo chembe hizo huzidi kupita kiasi. Ndivyo zilivyopatikana dawa za vinblastini na vinkristini. Vinkristini, ikichanganywa na dawa nyingine, imewaponya watoto wengi wenye saratani ya damu, na hutumika pia kwa ule uvimbe wa taya za watoto ambao Denis Burkitt aliueleza kutoka Uganda mwaka 1958.

Sasa angalia. Dawa hiyo hiyo ikidungwa kwa makosa katika uti wa mgongo, humwua mgonjwa. Kurani Tukufu yatufundisha kwamba Mungu ameumba kila kitu kwa kipimo. Kwa hiyo anayelichukua jani akakiacha kipimo, hakuipokea neema yote. Amechukua sehemu yake, na pengine sehemu yenye sumu.

Na uyoga je? Japani iliruhusu dawa mbili zitokanazo na uyoga: krestini mwaka 1977 na lentinani mwaka 1985. Lakini zilitolewa pamoja na dawa nyingine za saratani, wala si mahali pake. Hakuna uyoga ambao umethibitishwa kuiponya saratani peke yake. Mwenye kuuza unga wake kwa kuahidi uponyaji na akumbuke kwamba Mtume s.a.w. alimhesabu mtu ajifanyaye tabibu bila kujulikana kwa elimu hiyo kuwa mdaiwa wa madhara anayoyaleta.

Huenda ukauliza: Mgonjwa aliyeambiwa na hospitali kwamba hakuna tena la kufanya, akinywa uyoga amekosa? Hakukosa, maadamu hakudanganywa, wala watoto wake hawakuuziwa shamba kwa ajili ya ahadi isiyo na ushahidi. Ila amweleze daktari wake kila anachokunywa, kwani baadhi ya mimea hugeuza nguvu ya dawa nyingine mwilini, hata zile za kutuliza maumivu.