Upole wa Kiongozi na Usalama wa Kazi

Ndugu msomaji, wako wakubwa wa kazi wanaodhani kuwa heshima yao imo katika hofu ya walio chini yao. Lakini hofu huzaa utii wa macho tu. Karani anayeogopa kufokewa huficha kosa, na fundi huona mashine inaharibika akanyamaza. Je, Uislamu wafundisha nini juu ya jambo hili?

Tutazame vita vya Uhud, mwaka 625. Mtume Mtukufu s.a.w. aliona ni bora kujihami humo humo Madina, lakini wengi, hasa vijana ambao hawakuwahi kupigana Badr, walitaka kutoka. Akalikubali shauri lao. Vijana walipojuta kwa kumshurutisha, yeye hakugeuka, kwani shauri lilikwisha katwa. Huko Uhud wapiga mishale 50 waliamriwa wasiondoke kilimani kwa hali yoyote. Wengi wao wakaondoka. Waislamu wapatao 70 wakauawa, na Mtume s.a.w. mwenyewe akajeruhiwa.

Mkubwa wa kidunia angesema: Tangu leo sitaki shauri la mtu! Lakini katika Sura Aali Imran Mwenyezi Mungu alimwamuru Mtume wake awasamehe, awaombee msamaha, na ashauriane nao. Tena akamweleza kuwa lau angekuwa na moyo mgumu, watu wangalimkimbia. Tafakari! Amri hiyo ilikuja baada ya msiba, siyo baada ya ushindi. Na mwaka 627 Salman Mwajemi alitoa shauri la kuchimba handaki, jambo geni kwa Waarabu. Mtume s.a.w. akachimba pamoja nao na kubeba udongo, na Madina ikasalimika.

Pengine utauliza: Je, upole huo hauleti uzembe? Hasha. Mtume s.a.w. alimkemea hadharani mkusanyaji wa zaka aliyejiwekea zawadi alizopewa kazini. Aliyeteleza husamehewa, khiyana ya amana haifunikwi. Mkubwa asiyetofautisha mambo haya mawili humwadhibu aliyekiri kosa, na mwizi akasalimika.

Basi, ewe uliyepewa watu wa kuongoza, hata wakiwa wawili tu dukani, jiulize: Ni lini mtumishi wako alikuambia kuwa umekosea? Ikiwa hukumbuki, usifurahi. Huenda si kwamba hukosei, bali wamekwisha kukuogopa. Nawe utaulizwa juu yao mbele ya Mola wako.