Mgeni Aliyebeba Nyumba Yake

Wazee wetu wamesema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huu nimeukariri tangu utotoni, nami nilidhani naijua maana yake hadi Septemba 2018, nilipojikuta kaskazini ya Uskoti pamoja na marafiki watatu, ndani ya gari lenye vitanda vinne, jiko la gesi, tangi la maji na choo cha kubebeka. Ilikuwa nyumba kamili juu ya magurudumu. Je, mtu aliyebeba nyumba yake huweza kuwa mgeni?

Rafiki yetu aliyelikodi gari hilo, Mpemba aliyelowea Uingereza miaka mingi, alikuwa na jibu lake. "Sheikh," aliniambia, "hii ndiyo adabu ya safari. Huli cha mtu, hulali kwa mtu, humsumbui mtu." Maneno yale yalinipendeza, kwani nami ni katika wanaochelea kuwa mzigo. Kwa siku nne tukapika wali wetu, tukachemsha chai yetu, tukalala pale tulipochokea. Hatukubisha hodi popote.

Sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 humpa kila mtu haki ya kupita, na hata ya kulala, katika sehemu kubwa ya ardhi ya nchi ile, ijapokuwa ina mwenyewe, madhali atafanya hivyo kwa uangalifu. Ila haki hiyo haimfuati mtu aliyemo garini. Apitaye kwa miguu na hema lake mgongoni amekwisha kukaribishwa; mwenye gari sharti aombe. Nilipoelezwa tofauti hii niliiona ni uonevu mdogo.

Siku ya tano tulifika kanisa dogo la Croick, lililo peke yake bondeni. Mwezi wa Mei 1845 wakulima wa Glencalvie, bonde la jirani, walitolewa katika ardhi waliyoikodi, ili bonde lifanywe malisho ya kondoo. Walikimbilia uwanja wa kanisa hili, wakajisitiri humo makaburini, wazee na watoto pamoja. Wakakwaruza maneno katika vioo vya dirisha, nayo yangalipo. Lugha yao ilikuwa Kigaeli, lakini waliandika Kiingereza. Mimi ninayeishi kwa kutafsiri nilisimama mbele ya kioo kile kwa muda mrefu. Watu wale, waliokosa hata paa, waliutafsiri msiba wao ili apitaye njia apate kuusoma. Na katika maneno hayo wamo waliojiita wenyewe kizazi kiovu, kana kwamba kufukuzwa kwao kulikuwa adhabu ya dhambi zao. Mwenzetu mmoja alilia. Sote tuliwalaani wenye mali waliothamini kondoo kuliko watu.

Jioni tuliifuata barabara itokayo Lairg kuelekea Laxford, barabara nyembamba isiyotosha magari mawili. Kila baada ya masafa pametengwa upenu wa kupishana, wenye kibao. Tulikuwa tumechoka, mvua inanyesha. Tukaegesha katika upenu mmoja, tukafunga mapazia, tukalala.

Usiku wa manane mlango uligongwa. Alikuwa mama wa makamo, ametota. Alikuwa akienda kwa baba yake mgonjwa, akakutana na lori la samaki likitoka pwani. Pahala pa kupishana tulipalalia sisi, basi ikambidi arudi kinyumenyume gizani, kando ya ziwa, hadi upenu mwingine. Hakututukana. Alisema tu kwamba pale si pa kulala, na kwamba watu wa huko huitumia njia hiyo usiku pia. Kisha akaenda zake.

Sikupata usingizi tena. Mchana tumewalilia waliofukuzwa; usiku tumewazibia njia waliobaki. Tena mwenyeji ndiye aliyebisha hodi, sisi wageni ndio tuliofungua mlango. Mambo yalikuwa yamepinduka, na aliyeyapindua ni ile adabu yetu ya kutomhitaji mtu. Lau tungalimhitaji mtu, tungaliuliza. Na lau tungaliuliza, tungaliambiwa.

Atasema msemaji: je, mgeni mwenye kuhitaji kila kitu si mzigo pia? Ni kweli, na wazee hawakughafilika, ndipo wakasema siku ya tatu mpe jembe. Lakini jembe hilo, kwa ufahamu wangu, si la kumfukuzia. Ni la kumwingiza katika kazi ya nyumba, ajue shamba liko wapi na njia ya nani inapita wapi. Asiyeomba maji haonyeshwi kisima, na asiyejua kisima kilipo huweza kukikanyaga bila ya kukusudia.

Nami niliyezoea kuwalaumu wageni wanaoshuka visiwani kwetu wakajifungia hotelini, nimepunguza ulimi. Kutomhitaji mtu nilikuhesabu kuwa unyenyekevu; sasa nakuona kuwa ni namna ya kumpita mtu bila ya kumsalimu. Asubuhi ile tulishuka kijijini, tukagonga mlango wa kwanza tuliouona, tukauliza wapi tunaweza kulala. Mzee aliyefungua alituonyesha uwanja nyuma ya ghala lake, kisha akatuomba tumsaidie kufunga lango lililoanguka.

Tukalifunga. Usiku ule tulikuwa wageni.