Taka na Tambiko

Kuanzia mwaka 1995 msitu wa Mgori nchini Tanzania, ambao ni msitu wa miombo, yaani wa miti inayopukutisha majani wakati wa kiangazi, uliwekwa mikononi mwa vijiji vitano vinavyouzunguka, na ulinzi wake ukategemea wanavijiji waliojitolea kushika doria bila mshahara. Moyo huo wa kujitolea unahitajika pia katika wilaya ya jirani ya Kondoa, ambako michoro ya miambani iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia, ingawa huko kazi ya kujitolea kufagia taka penye michoro ni ngumu kuliko inavyodhaniwa.

Katika pango la Mungumi wa Kolo, mojawapo ya mahali penye michoro hiyo, wenyeji wangali wanafanya matambiko, yaani ibada za kuomba mvua au uponyaji, ambamo mbuzi huchinjwa na pombe ya kienyeji hunyunyizwa mwambani. Mhifadhi huona pombe hiyo inaharibu rangi za kale, ilhali kwa mzee wa tambiko ndiyo sadaka yenyewe, na kwa hakika wazee walikuwa na haki zao hapo kabla ya orodha yoyote. Chupa ya plastiki aliyoiacha mtalii haina mtetezi, nayo iokotwe mara moja; lakini mabaki ya sadaka, hata yakionekana uchafu mtupu machoni pa kijana mwenye fagio, hayaguswi mpaka wazee waulizwe.