Kuijua Bahari Ukiwa Sisibo

Mimi ni mzaliwa wa pwani, na kabla riziki haijanileta Eldoret, mji ambao wazee wake wangali wakiuita Sisibo kwa sababu ya shamba nambari 64 lililokuwa asili yake, nilikuwa nikiitakidi kwamba mtu wa bara hawezi kuijua bahari ila kwa kuikisia.

Basi siku moja nilialikwa kusikiliza darasa la mwanzo la ilimu ya bahari katika chuo kimoja cha hapa, kwenye kimo cha mita 2,100 hivi juu ya bahari yenyewe. Mwalimu hakuwa na zana ila mizani, jagi la maji ya mfereji na pakiti ya chumvi ya dukani. Akapima gramu 35 za chumvi, akazitia katika gramu 965 za maji, akakoroga hata chumvi yote ikapotea, kisha akaipitisha bilauri, na kila mwanafunzi akaonja akakunja uso. “Hiyo ndiyo bahari kuu,” akasema, “kwa wastani.” Msichana mmoja, ambaye hajapata kushuka kupita Nakuru, akauliza: “Mwalimu, sasa tunaijua bahari, au tunaijua chumvi?”

Swali lile lilinikaa moyoni kuliko somo. Maulamaa, kwa maneno waliyoyatoa katika Kurani, walipambanua ilimu ya yakini, aini ya yakini na haki ya yakini: ya kwanza ni kusadiki kwa hoja na habari, ya pili ni kushuhudia kwa macho, na ya tatu ni kulizama jambo lenyewe. Kwa kipimo hicho msichana yule yuko daraja ya chini, na mimi, niliyeyanywa maji ya Kilindini bila ya kupenda nilipokuwa nikijifunza kuogelea, niko juu. Lakini maulamaa hao hao walishikilia pia kwamba habari mutawatiri, yaani ile iliyopokewa na wengi kutoka kwa wengi hata isiyumkinike kuwa wote wameafikiana kusema uongo, huleta yakini kamili. Na mfano wao ulikuwa Makka, ambayo hata asiyehiji haishuku kuwa ipo.

Nilipozidi kutafakari nikaona kwamba nahodha naye, pamoja na heshima yangu yote kwake, anajua ngozi ya bahari tu. Anajua kusi na kaskazi, na kwa kuutazama mwezi hukwambia siku ya bamvua na siku ya maji mafu. Lakini pale bildi yake inapokoma, na ujuzi wake umekoma. Tarehe 23 Machi, 1875, mabaharia wa HMS Challenger waliteremsha kamba magharibi ya Pasifiki, ikashuka pima 4,475, yapata kilomita 8, ndipo ikagusa chini, na wote waliokuwa sitahani hawakuona kitu ila kamba. Ni nani, basi, aliyeiona bahari? Sisemi kwamba kuonja na kuambiwa ni mamoja. Asemaye hivyo hajapata kutapika jahazini wakati wa kusi. Nasema kwamba sisi sote, wa pwani na wa bara, sehemu kubwa ya bahari tumeipokea kwa habari, na tofauti yetu ni kwamba wa bara anakumbuka kuwa aliambiwa, na wa pwani amesahau.

Hilo nililifahamu kwa fedheha. Baada ya darasa tulisimama juu ya daraja la mto Sosiani, nami, kwa ujuba wa mtu aliyezaliwa penye mawimbi, nikamwambia yule msichana kwamba maji yale yanashuka kwetu Mombasa, ayape salamu zangu. Akanitazama kwa adabu. “Hapana, mzee. Haya yanaenda Nzoia, halafu Ziwa Viktoria, halafu Nili.”

Nikanyamaza. Miaka yote niliyovuka daraja lile nilikuwa nikiyatazama maji ya Sosiani kama jamaa zangu wanaorudi nyumbani, wala sikupata kumwuliza mtu. Mto ule humalizikia Nzoia, Nzoia huingia ziwani, na maji ya ziwa hutoka kwa mto Nili hadi Misri, katika Bahari ya Mediterania. Mombasa hayafiki.