Mapenzi, Upendo na Sajini Asiye na Jina: Suala la Maana katika A Farewell to Arms

Miongoni mwa maswali ambayo fasihi ya vita huyazusha tena na tena, lipo moja ambalo wahakiki aghalabu hulijibu upesi mno: je, mapenzi yanaweza kuyapa maisha maana pale ambapo vita vimekwisha kuziharibu maana nyingine zote? Riwaya ya Ernest Hemingway, A Farewell to Arms, iliyochapishwa mwaka 1929, imekuwa ikisomwa kama jibu la swali hilo. Kwa wasomaji wengi jibu lenyewe ni la huzuni lakini ni sahili. Wapenzi wawili wanaukimbia ulimwengu katili, wanapata furaha ya miezi michache, kisha kifo kinawatenganisha. Mapenzi yana maana, usomaji huu unatuambia, ila hayadumu. Katika makala haya tunakusudia kuutilia shaka usomaji huo. Tutadai kwamba udhaifu wa mapenzi ya Frederic Henry na Catherine Barkley hauanzii katika hospitali ya Lausanne anakofia Catherine. Unaanzia katika njia ya matope huko Italia ya kaskazini, mahali ambapo Frederic anampiga risasi mtu ambaye riwaya haimpi jina.

Kabla ya kuendelea, yafaa tukumbushe mambo machache. Frederic ni Mmarekani kijana anayelitumikia jeshi la Italia akiwa luteni katika kitengo cha magari ya kubebea majeruhi. Catherine ni muuguzi kutoka Uingereza ambaye mchumba wake aliuawa katika mapigano ya Somme. Hemingway mwenyewe aliendesha gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu, akajeruhiwa karibu na Fossalta mnamo Julai 1918 kabla hajatimiza miaka 19, na akampenda muuguzi mmoja mjini Milan. Hata hivyo, alifika Italia mwaka 1918, ilhali kushindwa na kurudi nyuma kwa jeshi la Italia kutoka Caporetto, tukio ambalo ndilo kitovu cha riwaya, kulitokea Oktoba 1917. Tunalitaja jambo hili kwa sababu moja tu: anayesimulia ni Frederic wala si Hemingway, na kila tunachoambiwa au kunyimwa hatuna budi kukichukua kama neno la Frederic.

Msimulizi huyu amepoteza imani katika maneno makubwa. Katika kifungu kinachojulikana sana anakiri kwamba maneno kama utukufu, heshima na kafara humtia haya, na kwamba kando ya majina ya vijiji, nambari za barabara na tarehe, maneno hayo yananuka uchafu. Hapa riwaya inakaribiana na falsafa ya udhanaishi ambayo msomaji wa Kiswahili ameizoea kupitia Euphrase Kezilahabi. Kazimoto wa Kichwamaji (1974) naye anaishi katika ulimwengu ambao maana zake za kurithi zimebomoka, na mwisho wake ni kujiua. Frederic hajiui. Yeye anapata mtu wa kumpenda. Swali letu basi ni kama kupata huko ni jibu, au ni namna nyingine ya kulikwepa swali.

Katika kulichunguza jambo hili, lugha yetu inatupa msaada ambao Kiingereza hakina. Kiingereza kina neno moja kwa hali ambazo Kiswahili huzitenga: kuna mapenzi, yaani huba ya mtu na mpenzi wake, na kuna upendo, ambao hauhitaji mwili wala malipo. Padri wa kikosi, ambaye maafisa humfanyia mzaha kila wanapokula, anamweleza Frederic kuwa anachokipata usiku katika madanguro ni ashiki tu. Kupenda, kwa mujibu wa padri huyu, ni kutaka kumfanyia mwingine jambo, kujinyima kwa ajili yake na kumtumikia. Frederic anamjibu kwamba yeye hapendi. Mazungumzo haya ndiyo kipimo ambacho riwaya yenyewe inatukabidhi. Kwa hiyo hatumpimi Frederic kwa mizani ya kigeni tunapouliza kama safari yake ya kutoka kwenye ashiki hadi kwenye mapenzi imewahi kufika kwenye upendo.

Ni kweli kwamba anabadilika. Mwanzoni Catherine kwake ni kama mchezo wa karata ambao mtu huucheza kwa maneno badala ya karata. Baada ya kujeruhiwa na kulazwa Milan, mchezo unageuka kuwa kweli. Catherine naye anamwambia kwamba yeye ndiye dini yake. Kauli hiyo si pambo. Catherine aliwahi kukaa katika uchumba wa miaka minane akingoja wakati mwafaka, akampoteza mchumba, na sasa hataki tena kuahirisha lolote. Baadaye mzee Greffi, mwenye umri wa miaka 94, atamwambia Frederic kwamba hata kupenda ni hisia ya kidini. Lakini dini yenye mungu mmoja na muumini mmoja ina kasoro yake: haina jirani. Hapa ndipo linapoingia suala la sajini.

Wakati jeshi linaporudi nyuma, Frederic na madereva wake wanawachukua masajini wawili wa kikosi cha uhandisi katika gari lao. Magari yanapokwama matopeni, Frederic anawaamuru wakate matawi ya kuweka chini ya magurudumu. Wanakataa na kuondoka kwa miguu. Frederic anatoa bastola, anafyatua, mmoja anaanguka na mwingine anatoroka. Dereva mmoja, Bonello, anaiomba ile bastola na kummaliza aliyeanguka. Kisha wanaume hawa wanarudi kushughulika na gari, ambalo hata hivyo halitoki. Msimulizi anayaeleza haya kwa sentensi fupi zisizo na hisia, sawasawa na anavyoeleza hali ya barabara. Madereva wanalitolea mzaha. Frederic mwenyewe hasemi kitu juu ya maana ya alilotenda.

Muda mfupi baadaye, kwenye daraja la mto Tagliamento, askari wa jeshi wanawakamata maafisa waliotengana na vikosi vyao, wanawauliza maswali machache na kuwapiga risasi. Zamu ya Frederic inakaribia. Anajitupa mtoni na kuokoka. Wahakiki wengi wameuona mto huu kuwa ubatizo: Frederic anazama akiwa askari na kuibuka akiwa mtu huru, na hasira yake inasafishwa na maji pamoja na kila wajibu aliokuwa nao. Hatukatai kwamba taswira hiyo imo. Tunauliza tu: ubatizo gani huu usiotanguliwa na toba? Hukumu anayoikimbia Frederic ni ileile aliyoitoa yeye mwenyewe. Alimpiga risasi mtu kwa kosa la kukiacha kikosi. Sasa wenye bastola wanataka kumpiga yeye kwa kosa hilohilo. Methali yetu ya fahali wawili na nyasi haitoshi kulieleza jambo hili, maana hapa nyasi nazo zinakanyagana. Frederic anaona dhuluma pale ambapo shingo iliyo hatarini ni yake. Anajiambia kwamba amekwisha fanya amani yake binafsi na vita, anasafiri kwenda Stresa kumtafuta Catherine, na wawili hao wanapiga makasia usiku kucha hadi Uswisi.

Msomaji naye anapiga makasia pamoja nao. Hili ndilo jambo linalostahili kutushughulisha kama wasomaji wa fasihi. Tunapofika Uswisi sote tumekwisha msahau sajini, na tumemsahau kwa sababu ya mapenzi. Uzuri wa kurasa zile za theluji, mvinyo na matembezi ya milimani unatushawishi kwamba mtu apendaye namna hii hawezi kuwa na deni. Mapenzi yamegeuzwa kuwa hati ya msamaha, nayo imetolewa bila ya aliyekosewa kuulizwa.

Yamkini tutapingwa hapa kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba vita vina sheria zake, na kwamba sajini alikaidi amri. Hoja hii ingekuwa na uzito kama Frederic mwenyewe angeendelea kuziheshimu sheria hizo. Mtu hawezi kuua kwa jina la jeshi asubuhi, kisha baadaye akalitoroka jeshi hilo na kudai kwamba sheria zake hazimhusu. Hoja ya pili ni nzito zaidi. Kwa kumsimamisha sajini katikati ya riwaya, je, hatugeuzi kifo cha Catherine kuwa adhabu ya kosa la Frederic? Tunakubali hatari hiyo. Judith Fetterley, katika kitabu chake cha mwaka 1978, alidai kwamba chini ya mahaba ya riwaya hii umefichwa uhasama dhidi ya mwanamke. Kusema kwamba Catherine amekufa ili Frederic aadhibiwe au afunzwe kungekuwa kuuendeleza uhasama huo. Catherine anakufa kwa kuvuja damu baada ya kujifungua kwa upasuaji mtoto asiye hai, na kifo hicho hakiadhibu mtu yeyote. Lakini namna Frederic anavyokifikiria kifo hicho inatufunulia jambo.

Akingoja hospitalini, anawafikiria "wao": wale wasio na jina ambao, kwa maoni yake, humtupa mtu duniani, humwambia kanuni za mchezo, na humuua mara ya kwanza anapokosea. Anatoa mifano. Anamtaja Aymo, dereva wake aliyeuawa bure kwa risasi za Waitalia wenzake. Anamtaja rafiki yake Rinaldi na ugonjwa wa kaswende. Sajini hamtaji. Hata katika saa hii ya kuwahesabu wafu, orodha ya Frederic inawahusu wake tu. Kisha anakumbuka jambo jingine: siku moja kambini aliweka gogo lililojaa siafu motoni. Siafu walikimbilia katikati, wakarudi kwenye ncha, wakaanguka motoni. Alifikiri kwamba angeweza kuwa masihi wao kwa kuliondoa gogo. Hakuliondoa. Aliwamwagia maji ya kikombe, na hayo kwa sababu alitaka kikombe kiwe tupu ili atie wiski.

Kwa kawaida siafu hawa husomwa kama sisi wanadamu, na moto kama ulimwengu usiojali. Usomaji huo ni sahihi lakini ni nusu. Katika kisa hiki Frederic si siafu. Yeye ndiye mwenye kikombe. Yeye ni mmojawapo wa "wao" anaowalalamikia, kama alivyokuwa kwenye njia ya matope akiwa na bastola. Kumbukumbu yake inajua jambo ambalo fikra zake zinakataa kulikubali.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake maalumu ya kutompita sajini huyu. Vita vilevile vya 1914 hadi 1918 vilipiganwa pia katika nchi zetu, na makumi ya maelfu ya wapagazi waliochukuliwa na jeshi la Waingereza walikufa, wengi wao kwa maradhi kuliko kwa risasi. Lililobaki vinywani mwa watu ni jina la mahali: Kariakoo mjini Dar es Salaam na Kariokor mjini Nairobi, matamshi yetu ya jina la kikosi chao, Carrier Corps. Frederic anasema kwamba mwishowe majina ya mahali ndiyo pekee yaliyosalia na heshima. Kariakoo inamthibitisha na kumkosoa papo hapo. Jina la mahali huweza kuhifadhi heshima, lakini pia huweza kuwa kaburi ambamo majina ya watu yamefukiwa, na juu yake watu wakanunua na kuuza bila kukumbuka.

Tunahitimisha kwa kurejea swali tuliloanza nalo. Riwaya hii haithibitishi kwamba mapenzi hayana maana kwa kuwa kifo huyakatiza. Kila kitu cha binadamu hukatizwa na kifo, na hatusemi kwa sababu hiyo kwamba hakina maana. Inachokionyesha ni kwamba mapenzi yanayofanywa kimbilio humtwika mpenzi mmoja mzigo wa ulimwengu mzima, na humwacha mtu wa tatu matopeni. Maana inayotosha watu wawili tu ni mfano wa chumba cha hoteli: ina joto, lakini mlango wake umefungwa. Padri alikuwa ameeleza njia nyingine, na Frederic, ambaye aliwahi kualikwa kwao Abruzzi asiende, hakufika huko pia.

Hata hivyo, tusiifunge kesi kabla ya kulitazama jambo moja zaidi. Frederic anayesimulia si yule wa mwaka 1917. Anatazama nyuma, na hakuna aliyemlazimisha kumtia sajini katika kisa chake. Angeweza kumwacha nje, nasi tusingejua kamwe. Amemtia, bila udhuru na bila kujitetea. Hatuwezi kuiita hiyo toba, kwa maana hakuna neno la majuto. Lakini ushahidi umewekwa mezani na yule ambaye ushahidi wenyewe unamshtaki. Ikiwa kuna utumishi wowote ambao Frederic ameutoa kwa mtu asiye mpenzi wake, ni huo. Uliobaki ni wajibu wetu sisi tunaosoma: tukifika Uswisi, tukumbuke ni nani hakuvuka ziwa.