Saa Kumi na Moja Jioni, Jumatatu na Ijumaa

Wiki hii nakuomba tukae pamoja na familia moja ya zamani. Ni mwishoni mwa Machi, mwaka 1630. Merikebu iitwayo Arbella imetia nanga Cowes, kusini mwa Uingereza, ikingoja upepo mzuri wa kuvuka Atlantiki. Ndani yake yumo John Winthrop, mwanasheria wa miaka 42, gavana mteule wa koloni jipya la Massachusetts Bay. Anamwandikia mkewe, Margaret, aliyebaki nyumbani Groton kwa sababu ni mjamzito. Anampa habari za wana wao wawili wadogo, Stephen na Adam, anaosafiri nao. Wavulana hawajambo, wamechangamka, nyumbani hawapakumbuki kabisa. Wanalala naye wamejifunika blanketi zito tu, kwa kuwa melini hakuna shuka, na usingizi wao ni uleule wa Groton.

Kisha anamkumbusha Margaret patano lao. Kila Jumatatu na kila Ijumaa, ikifika saa 11 jioni, popote kila mmoja atakapokuwa, wataacha shughuli na kukutana katika roho, mpaka Mungu atakapowakutanisha uso kwa uso.

Nimelifikiria patano hilo mara nyingi. Winthrop na wenzake walikuwa Wapuritani, watu walioona kwamba kanisa la Uingereza bado halijatakaswa vya kutosha, na tumezoea kuwachora kama watu wakavu, wenye nyuso zilizokunjamana. Lakini huyu hapa ni mume wa miaka kumi na miwili ya ndoa anayemwandikia mkewe kwa upole ambao waume wengi wa leo wangeona haya kuuonyesha. Tena anaijua hali ya moyo wake. Anajua kwamba baharini kuna dhoruba, na nchi kavu kuna kesi, mipaka ya mashamba na watu wenye njaa, na kwamba moyo ulioachwa ukumbuke utakapopenda husahau. Basi akaupangia siku na saa.

Wewe je? Yupo mtu unayempenda kweli, lakini ambaye katika wiki yako hana saa yake? Sikuulizi ili ujisikie vibaya. Najua jinsi siku zinavyokwisha. Najua mume aliye mbali kikazi anavyoahidi kupiga simu jioni, jioni ikapita, na siku ya tatu akaona haya kupiga kwa sababu hakupiga siku ya kwanza. Uaminifu wa kila siku hauonekani kuwa jambo kubwa, na mara nyingi hakuna anayeuona. Lakini fikiria mwanamke yule kule Groton, tumbo likizidi kuwa zito, hana njia ya kujua kama merikebu ile ingali juu ya maji. Alichokuwa nacho ni Jumatatu na Ijumaa.

Na misiba ilikuja. Arbella ilifika Salem, katika koloni lile, mwezi Juni. John alikuwa na mwana mwingine, Henry, wa mke wake wa kwanza, kijana aliyemsumbua sana. Henry aliwahi kwenda Barbados kulima tumbaku, na ile aliyomtumia baba yake ilikuwa mbovu, imejaa vikonyo, na baba hakumficha ukweli huo. Hata safari hii aliachwa na Arbella kwa sababu alikuwa ameteremka pwani kufuata mifugo, ikabidi aje na meli nyingine. Tarehe 2 Julai, akiwa ndiyo kwanza amefika, alijitosa katika mto wa Salem ili aogelee kuufuata mtumbwi uliokuwa ng'ambo. Akazama. Alikuwa na miaka 22.

Katika shajara yake, Winthrop aliandika kifo hicho kwa sentensi moja fupi. Lakini alipomwandikia Margaret wiki mbili baadaye aliliita jina la mwanawe mara mbili, kama Mfalme Daudi alivyomlilia mwanawe Absalomu. Napenda tutulie hapa kidogo. Yule kijana wa tumbaku mbovu, aliyechelewa meli, katika barua ile halaumiwi kwa lolote. Amebaki kuwa mwana tu. Je, yupo nyumbani kwako mtu ambaye makosa yake umeyahesabu kwa muda mrefu hata sura yake imefichika nyuma ya hesabu hiyo? Baba yule wa mwana mpotevu katika Injili ya Luka, sura ya 15, alipata neema ya kumkumbatia mwanawe akiwa hai. John hakuipata. Sisi wengine bado tunayo.

Mwaka ule wa kwanza karibu watu 200 walikufa, kati ya wale elfu moja hivi waliovuka. Margaret alifika mwezi Novemba 1631. Yule mtoto aliyekuwa tumboni, msichana aliyeitwa Anne, alifia baharini njiani, na baba yake hakuwahi kumwona. Watu wa Boston walimpokea mama yule kwa mizinga na zawadi za nyama na kuku, wakatenga siku ya shukrani. Nadhani alishukuru na kulia kwa wakati mmoja, kama wanavyofanya wengi wetu kanisani bila jirani kujua.

Lakini upendo wa nyumbani ni upande mmoja tu wa maisha ya John. Naibu wake alikuwa Thomas Dudley, mtu mkali na mnyofu, mkubwa kwake kwa miaka zaidi ya kumi. Katika baridi ile ya kwanza, Dudley aliandika barua ndefu kwenda Uingereza akiwa ameiweka karatasi gotini kando ya moto, kwa kuwa hakuwa na meza. Hawa wawili waligombana vibaya. Dudley alimwona Winthrop kuwa mlegevu kwa wakosaji. Winthrop naye alimkosoa Dudley kwa kupamba kuta za nyumba yake kwa mbao wakati wengine wanateseka, na Dudley akajibu kwamba mbao zile ni za kuzuia baridi tu. Mwaka 1632 Dudley alijiuzulu kwa hasira, na wachungaji wakalazimika kuwakalisha pamoja.

Wakati mmoja Dudley alimpelekea Winthrop barua yenye maneno machungu. Winthrop aliisoma, akamrudishia, akisema hataki kukaa na kitu cha kumchokoza namna ile. Laiti ningekuwa na busara hiyo. Wangapi kati yetu tumehifadhi ujumbe uliotuumiza, na kila tukipoa tunaufungua tena kwenye simu ili tupate moto upya? Baadaye Dudley alitaka kununua kutoka kwake mnyama aliyenona wa kuchinja. Winthrop akamjibu kwamba asinunue, apokee bure kama ishara ya nia njema. Dudley, mzee yule mgumu, akakiri kwamba kwa kuwa Winthrop ameishinda nafsi yake, basi amemshinda na yeye pia.

Kumbe watoto wao walikuwa wameoana, Mary binti Winthrop na Samuel mwana wa Dudley, na hao wagombanaji wakawa wakwe. Mwezi Aprili 1638 wakaenda pamoja kando ya Mto Concord kugawana mashamba waliyopewa. Kila mmoja alimsihi mwenzake achague kwanza. Mpaka wakauanzia kwenye mawe mawili makubwa, wakayaita Ndugu Wawili. Mawe hayo yapo hadi leo.

Ningeweza kuishia hapa, nawe ungefurahi. Lakini nakupenda, na sitaki nikupe nusu ya habari. Mwezi mmoja tu kabla ya safari hiyo ya mawe, mwanamke aitwaye Anne Hutchinson, mama wa watoto wengi, aliondoka Massachusetts akiwa amefukuzwa. Alikuwa akikusanya watu nyumbani kwake na kuyachambua mahubiri, akisema mengi ambayo viongozi waliyaona kuwa upotofu. Aliyemhukumu, Novemba 1637, ni John Winthrop. Nyumba zao zilitazamana, barabara moja kati yao. Na mwaka huohuo wa 1637 wakoloni walipigana vita na Wapequot, wenyeji wa nchi ile. Mateka, wanawake na watoto, waligawanywa katika nyumba za wakoloni wakawe watumwa, nyumba ya gavana ikiwemo. Wengine waliuzwa visiwani.

Nikiyaweka hayo pamoja, moyo wangu unauma. Mtu yuleyule aliyejua kumrudishia ndugu barua yenye sumu, aliyeukumbuka usingizi wa watoto wake chini ya blanketi, hakuona watoto wa wengine waliolala nyumbani mwake wakiwa mateka. Hakuwa mnafiki. Naamini aliomba kwa dhati kila siku. Ila upendo wake ulikuwa na mpaka, na aliuamini mpaka ule kuwa ni wa Mungu. Petro alipomuuliza Yesu amsamehe ndugu yake mara ngapi, huenda tungemuuliza pia, "Na ndugu ni nani?" Wewe na mimi tumeweka mawe yetu wapi? Nani tunamwachia achague kwanza, na nani hata hatumwiti kwenye shamba?

Margaret alifariki Juni 1647. Mumewe akaandika katika shajara kwamba alipendwa mno na watu wa nchi. Yeye mwenyewe alimfuata Machi 1649. Yako masimulizi ya zamani kwamba akiwa amelala kitandani, mgonjwa, Dudley alimletea hati ya kumfukuza mtu mwingine wa imani tofauti, akamsihi atie sahihi. Winthrop alikataa. Alisema kazi ya namna hiyo ameshaifanya kupita kiasi.

Ikiwa masimulizi hayo ni ya kweli, basi ilimchukua zaidi ya miaka kumi na moja tangu kesi ya jirani yake wa ng'ambo ya barabara. Wewe bado una nguvu, na kalamu iko mkononi mwako. Kabla ya Ijumaa, mtafute yule uliyemwondoa katika hesabu ya walio wako, umjulie hali, hata kama hujui utaanzaje.