Pima: Kumbatio Linalofika Chini ya Bahari

Msomaji, simama wima unyoshe mikono yako yote miwili, kama anayempokea ndugu aliyerudi salama. Toka ncha ya kidole cha kati cha kulia hadi ncha ya kile cha kushoto ni pima moja. Kisha pimwa kimo, utosini hadi unyayoni. Kwa watu wengi urefu huo na huu hukaribiana mno. Muumba ametutia kipimo mwilini kabla hatujajua kuhesabu.

Waingereza huita kipimo hiki "fathom", na neno hilo ni la zamani sana. Miaka elfu moja na zaidi iliyopita lilimaanisha mikono iliyofunguliwa, kifua kinachokumbatia, hata ulinzi. Kwa Waswidi, neno la ukoo huohuo, "famn", lingali kumbatio hadi leo.

Lilifikaje baharini? Kwa kazi ya mikono. Baharia akivuta kamba kutoka majini huipima kwa kuinyosha mbele ya kifua chake, kumbatio moja baada ya jingine. Baadaye Waingereza wakaliwekea kumbatio hilo futi 6 kamili, yaani mita 1.83 hivi.

Itazame kamba ya bildi, yaani risasi ya kupimia kina, ya mabaharia wao. Penye pima 2 pana vipande viwili vya ngozi, penye 3 vitatu. Penye 5 kitambaa cheupe, penye 7 chekundu. Penye 10 ngozi yenye tundu. Usiku wa giza mpima maji aliweza kuzitambua alama hizo kwa kuzigusa, hata kwa midomo. Chini ya bildi palikuwa na shimo lililojazwa shahamu, ili ipande na mchanga au vipande vya kombe, na nahodha ajue yuko juu ya sakafu gani. Hebu fikiri: maisha ya chombo kizima yamo katika chembe za mchanga zilizonasa kwenye mafuta!

Mwandishi Mmarekani Samuel Clemens, aliyekuwa rubani wa meli za mvuke katika mto Mississippi, alijiita Mark Twain: alama ya pili, pima mbili, maji yanayotosha meli kupita.

Kisha neno "fathom" likapanda toka majini likaingia akilini. Kwa Mwingereza, kulifikia jambo hadi kina chake ndiko kulielewa. Nasi je? Nahodha wetu hupima maji, mzee hupima maneno kabla ya kuyatamka, na pima yetu ni mikono minne, dhiraa nne, toka ncha hadi ncha. Waarabu wana "baa", nayo ni mikono iliyonyoshwa. Katika Matendo ya Mitume, mabaharia waliombeba Paulo walihisi nchi kavu i karibu, wakapima, wakapata pima ishirini, kisha kumi na tano. Na neno la Kiyunani lililoandikwa pale latokana na kunyosha. Mataifa yote haya yameipima bahari kwa kifua kilekile. Mimi naona humo mkono wa Aliyetuumba.

Mwaka 1875 meli ya Kiingereza Challenger ilishusha kamba magharibi mwa Pasifiki, ikagusa chini kwenye pima 4,475. Leo twajua kwamba eneo hilo lina shimo la karibu pima 6,000. Ili kulifikia, watu wazima zaidi ya elfu sita wangepaswa kunyosha mikono, kidole kwa kidole, toka juu ya maji hadi chini.